Bakteria wa tumboni, kinga ya mwili na tiba ya saratani: mkulima wa mahindi na kuku anahusikaje?

Wakulima wenzangu, hasa ninyi vijana wa kilimo biashara hapa Kawajense na kata jirani, najua wengi mko kwenye kuanika na kupukuchua, kwa hiyo leo tuweke pembeni kidogo mbolea na viwavijeshi.

Kuna swali limenifikia zaidi ya mara moja, kutoka kwa vijana wenye mzazi au ndugu anayetibiwa saratani: "Bwana shamba, nimesikia bakteria wa tumboni ndio wanaofanya dawa ya saratani ifanye kazi. Ni kweli? Na kuna vidonge vya bakteria wazuri vinauzwa, nimnunulie mama?"

Mimi ni mtu wa ugani, si daktari. Masuala ya dozi na tiba nitawarudisha hospitali kila mara. Lakini swali lenyewe lina mguu mmoja wodini na mguu mwingine kwenye shamba na banda lako, na huo mguu wa pili ndio unaonihusu. Twende hatua kwa hatua.

Tumbo lako nalo ni shamba

Ng'oa mche wa kunde au soya taratibu, osha mizizi. Utaona vinundu vidogo vidogo. Pasua kimoja, kikiwa na rangi ya waridi ndani, ujue bakteria wako kazini. Wanakamata naitrojeni ya hewani na kuupa mmea, mmea nao unawalipa sukari. Ni biashara ya pande mbili, hakuna cha bure.

Ng'ombe naye ni hivyo hivyo. Peke yake hawezi kumeng'enya nyasi kavu za Agosti. Bakteria walioko kwenye tumbo lake kubwa ndio wanaozichachusha, naye anaishi kwa kile wanachozalisha.

Binadamu hatuko mbali na hapo. Wanasayansi wanakadiria kuwa mwili wa mtu mzima umebeba bakteria wapatao trilioni 38, na wengi wao wanaishi kwenye utumbo mpana. Chakula chao kikuu ni nyuzinyuzi, yaani sehemu ya mmea ambayo sisi wenyewe hatuwezi kuimeng'enya: pumba ya mahindi, maganda ya maharage, majani ya kisamvu na matembele, nyama ya embe. Zinapita tumboni na kwenye utumbo mwembamba zikiwa nzima, zinafika utumbo mpana, bakteria wanazichachusha na kutoa aina fulani za asidi. Mojawapo inaitwa butireti. Hiyo ndiyo chakula kikuu cha seli zinazojenga ukuta wa utumbo mpana.

Sasa fikiria tunavyofanya. Mahindi yanafika mashineni, yanakobolewa, pumba tunawapelekea kuku na nguruwe, sisi tunabaki na sembe nyeupe. Mifugo inalishwa bakteria wake, sisi tunawanyima wa kwetu.

Askari wa mwili wanafunzwa wapi?

Ukuta wa ndani wa utumbo una safu moja tu ya seli, na juu yake ute unaoteleza. Upande mmoja kuna bakteria wasiohesabika, upande wa pili kuna damu yako. Ndiyo maana mwili umeweka sehemu kubwa ya askari wake wa kinga hapo.

Kazi yao si nyepesi. Wasishambulie chakula, wasishambulie bakteria wema, lakini adui wa kweli akipita wamkamate. Bakteria wa tumboni ndio sehemu kubwa ya shule yao. Panya waliolelewa maabara bila bakteria hata mmoja hukua na kinga ambayo haijakomaa. Na ile butireti tuliyoitaja husaidia kuongeza askari wa utulivu, wale wanaowazuia wenzao wasipige ovyo.

Bakteria wakinyimwa nyuzinyuzi, majaribio ya panya yameonyesha kuwa baadhi yao hugeukia ule ute na kuanza kuutafuna. Uzio ukiwa mwembamba, askari hawalali. Mwili unakaa kwenye tahadhari muda wote, kama moto wa pumba: huoni mwali, lakini chini unaendelea kuungua. Moto wa namna hii ukidumu miaka mingi unahusishwa na kisukari, magonjwa ya moyo na baadhi ya saratani.

Ushahidi wa hapa kwetu

Msidhani haya ni mambo ya Ulaya tu. Tanzania ni moja ya nchi ambazo wanasayansi wamekuja kujifunza jambo hili.

Kando ya Ziwa Eyasi wanaishi Wahadzabe, na baadhi yao bado wanategemea mizizi ya porini, matunda, ubuyu, asali na nyama ya kuwinda. Mwaka 2017 jarida la Science lilichapisha utafiti wa sampuli 350 za kinyesi chao zilizokusanywa kwa takriban mwaka mmoja. Iligundulika kuwa kuna bakteria wanaopungua kabisa msimu wa mvua na kurudi kiangazi, kwa kufuata kile kinacholiwa. Utafiti mwingine wa mwaka 2023 ulihesabu wastani wa aina 730 za vijidudu kwenye tumbo la Mhadzabe mmoja. Kwa mkazi wa California, Marekani, wastani ulikuwa 277.

Mfano wa pili ni wa Kilimanjaro, na huu unatugusa zaidi kwa sababu ni watu wa kawaida kama sisi, wa mjini Moshi na vijijini. Mwaka 2021 watafiti wa Moshi na wenzao wa Uholanzi walichapisha matokeo ya watu 323 wenye afya njema. Wa mjini walikuwa na dalili nyingi zaidi za ule moto wa ndani kwenye damu kuliko wa vijijini, na chakula kilikuwa moja ya sababu kubwa.

Hawakuishia hapo. Wakachukua wanaume 77 na kufanya jaribio, matokeo yakatoka mwaka 2025. Waliozoea chakula cha asili walipewa kwa wiki mbili chakula cha kisasa kilichosindikwa, chenye nguvu nyingi na nyuzinyuzi chache. Waliozoea chakula cha kisasa wakapewa cha asili: nafaka zisizokobolewa, mikunde, mboga za majani, ndizi na mizizi. Kundi lingine lilikunywa mbege, kinywaji chao cha ndizi na ulezi kilichochachushwa, kwa wiki moja.

Matokeo? Walioacha chakula cha asili walipanda viashiria vya moto wa ndani, na askari wao wa kinga wakawa wazito kupambana na vimelea. Waliorudi kwenye asili, na wale wa mbege, walionyesha mwelekeo wa kupoa. Baadhi ya mabadiliko yalionekana hata wiki nne baadaye. Wiki mbili tu, jamani! Tuwe waangalifu hapa: jaribio hili lilipima kinga kwenye damu, halikupima saratani, wala halisemi watu wakalewe mbege. Linachoonyesha ni kwamba kinga ya mwili inasikia haraka kile unachoweka kwenye sahani.

Na wazo hili lina historia ndefu Afrika Mashariki. Daktari Denis Burkitt, mpasuaji aliyefanya kazi Hospitali ya Mulago, Kampala, ndiye aliyeeleza mwaka 1958 aina ya saratani ya watoto inayobeba jina lake. Miaka ya 1970 mwanzoni alikuja na hoja nyingine: saratani ya utumbo mpana ni adimu kwa Waafrika wa vijijini kwa sababu wanakula nyuzinyuzi nyingi.

Tiba ya saratani inaingiaje?

Seli ya saratani ina ujanja. Inajua kukanyaga breki za askari wa kinga, wakapita karibu yake bila kuigusa. James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2018 kwa ugunduzi uliowezesha dawa za kuachia breki hizo. Kwa baadhi ya wagonjwa zinafanya kazi vizuri sana, kwa wengine hazifanyi kitu. Kwa nini?

Mwaka 2015 makundi mawili ya watafiti, moja la Chicago na jingine la Ufaransa, yalionyesha kwa panya kuwa bakteria wa tumboni ni sehemu ya jibu. Mwanzoni mwa 2018 zikaja tafiti za binadamu. Katika mmoja, wagonjwa 249 waliokuwa wakipata dawa hizo walifuatiliwa. 69 kati yao walikuwa wametumia antibayotiki karibu na wakati wa kuanza tiba, na kwa ujumla hao hawakwenda vizuri kama wenzao.

Mwaka 2021 watafiti wakapiga hatua ambayo mfugaji ataielewa haraka kuliko mtu wa mjini. Walichukua kinyesi cha wagonjwa waliopona vizuri, wakakisafisha na kukipima, wakawawekea wagonjwa wa saratani ya ngozi aina ya melanoma ambao dawa ilikuwa imewakataa. Pittsburgh, Marekani, wagonjwa 6 kati ya 15 walipata nafuu. Israeli, 3 kati ya 10. Ni wachache, lakini hawa ni watu ambao dawa hiyo hiyo ilikuwa imeshindwa kwao.

Utasema, hizo dawa ni za ghali na wengi wetu hatutaziona. Sawa. Lakini mwaka 2013 watafiti wa Ufaransa waliangalia saiklofosfamaidi, dawa ya zamani inayotumika sana duniani kwa saratani ya matiti na ya tezi. Kwa panya, dawa hii ilifanya baadhi ya bakteria wavuke ukuta wa utumbo na kwenda kuwaamsha askari wa kinga dhidi ya uvimbe. Panya waliouliwa bakteria wao kwa antibayotiki, dawa ikawafanyia kazi kidogo. Kwa hiyo hata kemo ya kawaida inaweza kuwa inapata msaada kutoka tumboni.

Na vile vidonge? Utafiti wa mwaka 2021 uliwauliza wagonjwa 128 wa melanoma kuhusu chakula chao. Waliokula angalau gramu 20 za nyuzinyuzi kwa siku walikaa muda mrefu zaidi bila ugonjwa kusonga mbele. Waliotumia vidonge vya bakteria wazuri vya dukani hawakupata faida iliyoonekana, na kwa panya vidonge hivyo vilionekana hata kudhoofisha tiba. Fikiria shamba la miche elfu, halafu mtu anakuletea mbegu ya aina moja tu aimwage juu yake. Kwa hiyo jibu langu kwa kijana aliyeuliza ni hili: hela hiyo itunze kwa nauli ya kliniki na chakula cha mama.

Sasa twende bandani

Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize vizuri, ninyi wa kuku wa nyama na wa mayai.

Wapo wanaoweka antibayotiki kwenye maji ya kuku kila wiki "kama kinga", hata kama hakuna kuku anayeumwa. Wengine wanauza kuku leo, jana wamemaliza dozi. Madhara yako mawili.

La kwanza ni mabaki ya dawa kwenye nyama na mayai. Mlaji anakula dawa ambayo hakuandikiwa.

La pili ndilo zito zaidi: usugu. Bakteria wanaozoea dawa bandani hawabaki bandani. Wanatoka na samadi, na maji ya kunawia, na mikono yako, na nyama isiyoiva. Mgonjwa anayepata kemo, dawa inashusha seli nyeupe za damu, yaani askari wenyewe. Katika siku hizo homa ndogo tu inaweza kumwondoa duniani, na kinachomwokoa ni antibayotiki inayofanya kazi. Kama bakteria aliyempata tayari ni sugu, daktari anabaki na nini mkononi? Tunapoteza mtu ambaye saratani yake ilikuwa inatibika.

Kwa hiyo:

- Usitumie antibayotiki bila kuku kuangaliwa na mtaalamu wa mifugo. Baadhi ya mafua ya kuku, na kideri chenyewe, husababishwa na virusi, na virusi haviuawi na antibayotiki. Kideri kinga yake ni chanjo.
- Ukianza dozi, imalize. Usikate siku ya pili kwa sababu kuku wamechangamka.
- Soma kibandiko cha dawa: kuna siku za kusubiri kabla ya kuuza nyama au mayai. Ziandike kwenye daftari la banda, tarehe kwa tarehe. Dawa isiyoruhusiwa kwa kuku wa mayai usiwape kabisa.
- Wekeza kwenye usafi: matandazo makavu, hewa ya kutosha, dawa ya kukanyagia mlangoni, kuku wasibanane. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku antibayotiki za kukuzia mifugo tangu mwaka 2006, na ufugaji wao haukufa.

Jikoni kwako

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku kutoka kwenye vyakula vya asili. Kikombe kimoja cha maharage yaliyopikwa kina gramu 11 hadi 15. Ongeza ugali wa dona, kisamvu au mlenda, embe au papai, karanga za kutafuna, na uyoga wa miombo msimu wake, umeshafika. Haya yote yanapatikana Katavi bila kuagiza chochote.

Lakini dona lina sharti moja. Sumukuvu. Ukungu huu unakaa zaidi kwenye sehemu ya nje na kiini cha punje, ndiyo sehemu tunayoihifadhi kwenye dona. Sumu yake inaharibu ini na kusababisha saratani ya ini. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Haiondoki kwa kupika. Haina maana kukimbia sembe ukaangukia sumukuvu. Anika juu ya turubai, si chini kwenye udongo. Hakikisha unyevu umeshuka hadi asilimia 13 hivi. Ukitafuna punje ivunjike kwa mlio. Chambua punje zilizooza na zenye rangi, hifadhi kwenye mifuko isiyopitisha hewa. Karanga nazo ni hivyo hivyo.

Na punje mbovu ulizochambua usizipeleke kwa kuku wala ng'ombe wa maziwa, sumu itarudi kwako kupitia maziwa.

Kama nyumbani kuna mgonjwa wa saratani

- Tiba ni ya hospitali. Iwe Ocean Road, Bugando au KCMC, ratiba ya dozi iheshimiwe. Hakuna ugali wala mtindi unaochukua nafasi ya kemo, mionzi au upasuaji.
- Daktari akimwandikia antibayotiki kwa sababu ya homa, azinywe zote, kwa wakati. Tafiti nilizozieleza si sababu ya kuzikataa. Kinachokatazwa ni kununua mwenyewe dukani kwa kila mafua.
- Mgonjwa akipata homa siku za kemo, msisubiri asubuhi. Mpelekeni hospitali ya rufaa ya mkoa hapo hapo.
- Maziwa mabichi na mtindi wa maziwa yasiyochemshwa asipewe. Matunda yaoshwe kwa maji safi, nyama na mayai yaive.
- Aliyefanyiwa upasuaji wa utumbo, au anayeharisha sana, huenda akakatazwa nyuzinyuzi kwa muda. Muulizeni daktari kabla ya kumlundikia maharage.
- Mitishamba na vidonge vya mtaani mwambieni daktari ukweli. Vingine vinagongana na dawa.

Kuna biashara hapa?

Ipo. Watu wa mjini wameanza kuulizia dona, unga wa mtama na ulezi, maharage safi, kuku wasiolishwa dawa ovyo. Kijana mwenye mashine, turubai na daftari la kumbukumbu anaweza kuuza kwa bei nzuri kuliko anayeuza gunia kwa dalali barabarani. Lakini usije ukaandika kwenye mfuko "linatibu saratani". Si kweli, ni kosa, na kuna mgonjwa atakayeacha dawa kwa kukuamini wewe. Andika lilivyo: dona, mahindi makavu yaliyochambuliwa, tarehe ya kusaga. Hiyo inatosha kuuza.

Wenye kuku, wiki hii fanyeni jambo moja: toeni dawa zote zilizoko bandani, someni vibandiko, andikeni siku za kusubiri. Ambaye kibandiko kimefutika au hakieleweki, aje na chupa yake ofisini kwa kata, tutaisoma pamoja na mwenzangu wa mifugo kabla hajauza hata kuku mmoja.